Msoma Mita

Miaka ishirini na sita nimeinamia vifuniko vya chuma
vya mji huu mdogo wa Wexmoor, maili tisa kutoka Cleveland,
nikisoma tarakimu, nikiandika.
Watu huficha mengi; maji hayafichi.
Najua nani kapata mtoto, nani kaachwa,
nani humwagilia nyasi usiku wa manane siku za katazo.

Nilipoanza, daftari langu lilikuwa na Lindqvist wanne,
Hathaway watatu, akina Pruitt wa kona ya kanisa.
Weupe mtaa hadi mtaa, kama shuka iliyotiwa buluu.
Isipokuwa Njia ya Machimbo:
nyumba kumi na moja nyuma ya reli,
za wajukuu wa wapasua mawe
na wa wapishi wa majumba ya juu.
Huko niliitwa. "Kijana wa maji!"
Bi Odessa Gaines alinisubiri barazani na chai ya barafu.
"Haya, mwezi huu nimekunywa kiasi gani?"
Nikamtajia. Akacheka.
"Basi ni ule mpichi, si mimi."

Kisha majina yakaanza kunisumbua ulimi.
Venkataraman, pale kwa Hathaway.
Pham. Adeyinka.
Akina Haddad wenye bwawa la kuogelea,
galoni elfu ishirini kila Mei.
Meya akasimama ukumbini akasoma hesabu:
zamani wanne katika mia, leo thelathini na mmoja
si weupe.
Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga,
nyuma kabisa, kando ya birika la kahawa, na buti zangu za matope.

Hesabu ya pili hakuisoma:
kwamba kila mlango mpya ulifunguliwa na daktari,
wakili, mhandisi wa hiki au kile;
kwamba kodi ya majengo ilipanda ngazi mbili mbili
ikaingia Njia ya Machimbo bila kubisha hodi.
Nyumba kumi na moja zikawa saba.
Saba zikawa tatu.
Mita iliyosimama haina kelele.
Unaandika tarakimu ya mwezi uliopita, unakwenda zako.

Bi Odessa aliondoka Oktoba, kwa mpwa wake, Toledo,
sufuria zake ndani ya maboksi ya ndizi.
Hakulia. Alinikabidhi ufunguo wa bomba la uani.
"Mti una kiu kunishinda mimi. Umwambie ajaye."

Ajaye alikuwa Daktari Ogunsanya, wa saratani,
mzaliwa wa Ibadan, msomi wa London.
Mtu mpole. Alivunja baraza, akaweka vioo,
mpichi akauacha.
Siku moja alinikimbilia na ndala:
"Samahani, nani aliupanda mti huu?"
Nikamtajia jina. Akalitamka mara mbili, taratibu,
kama mtu aonjaye mchuzi wa mwenziwe.
Kisha akasema, bila kuniangalia,
kwamba jirani wa pili amemuuliza
kwa wiki hulipwa ngapi kutunza bustani ile.

Kwenye sensa nyumba hiyo haikubadilika.
Mweusi katoka, mweusi kaingia: sifuri.
Nimeigeuza sifuri hiyo kichwani miaka miwili sasa.
Ni duara, kama kifuniko cha mita.
Ukifunua, chini kuna giza
na namba inayozunguka.

Mwakani mita zitajisoma zenyewe, kwa mawimbi ya redio.
Mimi nalala maili arobaini kutoka hapa.
Ngozi yangu ni ya akina Lindqvist,
mfuko wangu ni wa Njia ya Machimbo,
na hakuna safu ya jedwali iliyoniuliza hivyo.

Agosti hii nimekuta juu ya kifuniko mfuko wa karatasi.
Mapichi manne, na mwandiko wa daktari, mbaya kama wa madaktari wote:
*Mawili yako. Mawili ya Bi Gaines, kama unajua aliko.*

Najua mji. Mtaa siujui.
Yapo kwenye kiti cha mbele, yamejaza gari harufu,
na ifikapo kesho yatakuwa yameanza kulainika.
Toledo ni saa mbili.